Dawa za kujinunulia chuoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayofika kaunta ya duka la dawa lililo jirani na chuo, hasa wiki za test, wiki za UE (mitihani ya mwisho ya chuo), na siku chache baada ya boom (pesa ya kujikimu ya mkopo) kuingia. Mengine huulizwa kwa sauti, mengine kwa kunong'ona baada ya wateja wengine kutoka. Majina ya dawa yameachwa kama yalivyochapwa kwenye boksi ili uweze kulinganisha na ulichonacho mkononi.

Dawa ya jenereki ni feki?

Hapana. Kampuni inayogundua dawa hupewa hataza, kwa kawaida ya miaka 20, na muda huo wengine hawaruhusiwi kuitengeneza. Hataza ikiisha, kiwanda chochote chenye sifa kinaweza kutengeneza dawa ileile na kuipa jina la kitaalamu au jina lake chenyewe. Panadol ni jina la biashara. Dawa iliyomo ni paracetamol. Bei hushuka kwa sababu kiwanda cha pili hakikulipia utafiti wa kuigundua, na kwa kawaida hakitangazi sana redioni.

Ili isajiliwe, jenereki inapaswa kuonesha kwamba kiasi cha dawa kinachofika kwenye damu, na kasi ya kufika kwake, vinalingana na dawa ya kwanza. Kuna watu wamesikia kuhusu kile kiwango cha asilimia 80 hadi 125 wakahitimisha kuwa jenereki inaweza kupungua kwa moja ya tano. Sivyo. Wigo mzima wa makadirio ya kitakwimu ndio unaotakiwa kukaa ndani ya mipaka hiyo, na hilo haliwezekani kama wastani wenyewe umepishana sana. Dawa nyingi unazopewa hospitali ya serikali ni jenereki, na nyingi zimetoka India. Hakuna aliyekudhulumu.

Feki ni kitu kingine kabisa: kidonge kisicho na dawa, chenye dawa pungufu, au chenye dawa tofauti na iliyoandikwa. Anayeghushi hafuati bei rahisi tu. Boksi la jina kubwa nalo linaghushiwa. Kinachokulinda ni mahali unaponunua. Nunua famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali ukutani, si kwa mtu wa kwenye daladala, wala kwa jamaa wa grupu la WhatsApp anayeleta mzigo hosteli. Anayesajili dawa nchini Tanzania ni TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo kabla ya 2019 ilijulikana kama TFDA.

Basi naruhusiwa kujitibu mwenyewe?

Kwa mambo madogo, ndiyo, na hakuna haja ya kuona aibu. Kichwa, maumivu ya hedhi, mafua, mzio mdogo wa ngozi, kiungulia cha siku moja, kuharisha kusiko na damu wala homa: haya unaweza kuyamaliza kwa paracetamol, cetirizine (ya mzio), ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) na usingizi. Yakipita siku mbili tatu bila nafuu, umeshatoka kwenye eneo la kujitibu.

Antibayotiki, dawa za usingizi, steroidi na dawa za maumivu makali ni za cheti. Najua zinauzwa bila cheti. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanza mkoani Ruvuma mwaka 2003, yanaruhusiwa kutoa baadhi tu ya dawa za cheti, na huo "baadhi" unavutwa kama mpira kila mahali. Kuuziwa si ushahidi kwamba ulihitaji.

Nitajuaje ninachomeza, na nimepewa vidonge kwenye kibahasha?

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko hilo la jenereki. Chukua mfano wa kila siku: vidonge kumi vimekatwa kwa mkasi, vimetiwa kwenye kibahasha, juu yake imeandikwa kwa peni "2x3". Jina hakuna. Tarehe ya mwisho imebaki kwenye kipande cha pembeni, ambacho kimebaki dukani. Usiku unaumwa tumbo, mwenzako wa chumbani anasema naye alibakiza vidonge vyeupe vya duara kama hivyo, mnaunganisha.

Omba vitu viwili kabla hujalipa. Kwanza, jina la dawa na nguvu yake kwa miligramu viandikwe juu ya bahasha. Pili, uoneshwe upande wa nyuma wa karatasi nzima ya vidonge, uupige picha kwa simu. Muuzaji wa kweli hatakasirika. Akikasirika, maduka ya dawa karibu na vyuo hayana uhaba.

Hiyo 2x3 nayo husomwa vibaya. Maana yake ni vidonge viwili mara tatu ndani ya saa 24, yaani kila baada ya saa 8. Ukifuata ratiba ya mlo wa mwanafunzi, chai saa 4, wali saa 8, chipsi saa 1 usiku, umebana dozi tatu ndani ya saa 9, kisha mwili ukakaa mtupu saa 15 zilizobaki.

Panadol nimeze ngapi?

Kwa mtu mzima mwenye afya, kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500, kisha subiri angalau saa 4 hadi 6. Jumla isizidi vidonge 8 kwa saa 24, yaani gramu 4. Kama umekonda sana, unakunywa pombe mara kwa mara au una tatizo la ini, kiwango chako kiko chini ya hapo.

Wachache humeza Panadol kumi kwa makusudi. Wengi huzifikia bila kujua. Asubuhi unameza Panadol mbili kwa ajili ya kichwa. Mchana mgongo umekaza kwa kukaa maktaba, unanunua Diclopa, ambayo ni diclofenac na paracetamol pamoja. Usiku mafua yamekubana, unakunywa dawa ya mafua ambayo nayo ina paracetamol ndani. Majina matatu, rangi tatu, dawa moja imerudiwa. Panadol Extra inaongeza miligramu 65 za kafeini kwa kila kidonge, halafu unashangaa kwa nini saa 8 usiku macho bado yako wazi.

Ubaya wa paracetamol ikizidi ni ukimya wake. Siku ya kwanza unaweza kujisikia kichefuchefu tu, au usijisikie chochote. Ini huanza kuonesha madhara siku ya pili au ya tatu. Dawa ya kuokoa ipo, inaitwa acetylcysteine, na inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Kwa hiyo wewe au mwenzako akizidisha, kwa bahati mbaya au kwa kukata tamaa, nendeni hospitali saa hiyohiyo hata kama anacheka na kutembea. Aliyemeza kwa kukata tamaa asiachwe peke yake chumbani.

Diclofenac na ibuprofen zinasababisha vidonda vya tumbo, au ni maneno ya watu?

Ni kweli. Dawa hizi hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, na kemikali hizohizo ndizo zinazosaidia kulinda ukuta wa tumbo. Madhara yanapitia kwenye damu pia, ndiyo maana hata anayechomwa sindano ya diclofenac hajakwepa. Ukichanganya na mtindo wa kula mara moja kwa siku boom likiisha, na soda mbili za kukeshea, tumbo lina haki ya kulalamika.

Kama lazima utumie, tumia baada ya kula, kwa siku chache, na aina moja tu. Wenye pumu wawe waangalifu, maana dawa za kundi hili zinaweza kuamsha shambulio. Choo kikiwa cheusi kama lami, usiagize omeprazole (dawa ya kupunguza asidi tumboni), nenda hospitali. Na omeprazole ya miezi bila kupimwa inaficha tu jambo. Vidonda vingi vinatokana na bakteria wa H. pylori, ambaye hupimwa kwa choo na kutibiwa kwa dawa kadhaa kwa pamoja.

Kitu kimoja ambacho wengi hawakijui: Dar es Salaam imepata milipuko ya dengue, ikiwemo ya 2014 na 2019. Homa kali yenye maumivu nyuma ya macho na viungo, malaria haionekani, usiipoze kwa diclofenac, ibuprofen wala aspirin, kwa sababu dengue yenyewe inaweza kuleta damu kuvuja na dawa hizi zinaongeza hatari. Paracetamol, maji ya kutosha, na hospitali.

Amoxicillin inasaidia mafua?

Haisaidii. Mafua ni virusi. Amoxicillin inaua bakteria. Makamasi kugeuka njano au kijani hakumaanishi unahitaji antibayotiki, na kikohozi kinaweza kuendelea wiki mbili au tatu baada ya mafua kuisha.

Lakini nilimeza nikapona.

Ungepona.

Usugu wa dawa unanihusu vipi mimi na vidonge vyangu sita?

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alionya kuhusu jambo hili mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel: dozi ndogo isiyoua wadudu huwafundisha kuivumilia. Makadirio ya kimataifa yalionesha vifo milioni 1.27 vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu mwaka 2019 pekee.

Ila takwimu za dunia hazimshtui mtu mwenye test kesho, kwa hiyo tuongee habari zako. Bakteria wanaobaki baada ya nusu dozi wanakaa kwenye utumbo wako, ngozi yako, na kwa wenzako mnaochangia choo na beseni. Ukija kupata maambukizi ya kweli, hao ndio watakaokuwepo. Shirika la Afya Duniani limegawa antibayotiki katika makundi: amoxicillin iko kwenye kundi la kuanzia, ciprofloxacin, azithromycin na ceftriaxone ziko kwenye kundi la kuangaliwa kwa jicho kali. Sasa angalia mwanafunzi anayeanza na azithromycin kwa koo linalowasha. Ameanzia katikati ya ngazi.

Nina UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) sugu. Nimetumia cipro, nimetumia azithromycin, nimechomwa sindano, inarudi. Nitumie nini?

Swali hili likija kaunta, jibu sahihi mara nyingi ni: usitumie kitu kwanza. Siku hizi kila kinachowasha chini ya kitovu kinaitwa UTI, na humo mna magonjwa manne au matano tofauti.

UTI ya kibofu ina tabia zake: mkojo unachoma wakati unatoka, unakwenda mara kwa mara, kidogokidogo, na chini ya kitovu kunauma. Kama unachoona ni uchafu mweupe mzito na muwasho mkali, hiyo inafanana zaidi na fangasi. Kama ni majimaji yenye harufu ya samaki, ni bakteria wa ukeni waliopoteza mizani yao. Kama ni usaha, au maumivu wakati wa tendo, fikiria magonjwa ya zinaa. Fangasi haziponi kwa cipro. Kinyume chake, antibayotiki huua bakteria wazuri wanaozizuia, kwa hiyo kila dozi mpya inazipa nafasi. Binti anatibiwa UTI, anapata fangasi, anadhani UTI imerudi, anaongeza dozi. Mzunguko huo unaweza kula mwaka mzima wa masomo na pesa ya chakula.

Choo cha hosteli nacho kinasingiziwa. Bakteria wengi wa UTI ni E. coli wanaotoka kwenye utumbo wa mtu mwenyewe. Njia fupi ya mkojo ya mwanamke, kujamiiana na kubana mkojo kwa muda mrefu vinawasaidia kupanda. Kuchuchumaa hewani juu ya sinki la choo hakukukingi. Kujisafisha kutoka mbele kwenda nyuma, kukojoa baada ya tendo, na kutojiosha ndani kwa sabuni kunasaidia zaidi.

Kwa hiyo ikiwa imerudi, omba mkojo uoteshwe maabara. Majibu huchukua siku mbili tatu, lakini yanataja bakteria kwa jina na dawa inayomuua. Kipimo cha haraka kinachosema tu kuna seli za usaha hakitoshi kukupa dozi ya tatu. Na kama mkojo umeota bakteria lakini huna dalili yoyote wala si mjamzito, kwa kawaida hutibiwi kabisa.

Wanaume: mkojo kuuma na usaha asubuhi si "UTI ya kawaida". Kisonono kimekuwa sugu kwa cipro sehemu nyingi za dunia, kwa hiyo ile dozi anayokupa rafiki inaweza kupunguza dalili na kuacha ugonjwa. Nenda kituo cha afya, na mwenza wako atibiwe pia.

Homa, kutetemeka, maumivu ya ubavuni au kutapika vikiongezeka, maambukizi yanaweza kuwa yamefika kwenye figo. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo.

Homa na viungo vinauma. Nimeze mseto tu, si malaria hiyo?

Pima kwanza. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kila homa inayodhaniwa malaria ipimwe kabla ya kutibiwa, na kipimo cha haraka kinahitaji tone la damu na kama dakika 20. Ukimeza ALu, ambayo ndiyo huo mseto, kwa homa ambayo si malaria, unaupa ugonjwa wa kweli siku tatu za bure.

Ikithibitika, dozi ya mtu mzima wa kilo 35 na kuendelea ni vidonge 24: vinne kila mara, mara mbili kwa siku, siku tatu. Dozi ya pili haingoji saa 12. Inamezwa saa 8 baada ya ya kwanza. Ukianza saa 2 asubuhi, ya pili ni saa 10 jioni, kisha siku ya pili na ya tatu saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Meza pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, kwa sababu lumefantrine, moja ya dawa mbili zilizomo kwenye ALu, haifyonzwi vizuri tumboni tupu. Chapati na maziwa vinatosha.

Usigawane na mtu. Wale wanaobaki na vidonge nane kwa kuwa "nilijisikia vizuri siku ya pili" wanatengeneza tatizo ambalo limeshaanza kuonekana: watafiti wamekuta mkoani Kagera vimelea vyenye mabadiliko ya kijenetiki yanayoipunguzia artemisinin, kundi la ile dawa nyingine ya ALu, kasi yake. Tumeshaachana na klorokwini mwaka 2001 na SP mwaka 2006 kama dawa za kwanza. Hatuna foleni ndefu ya mbadala.

Na usirudie kipimo cha haraka wiki moja baadaye ukaogopa. Kinaweza kuonesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya kupona, kwa kuwa kinatafuta mabaki ya protini ya kimelea. Kama homa imerudi, omba damu iangaliwe kwa darubini.

P2 ina madhara gani? Nimeshameza mara tatu mwezi huu.

P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba baada ya tendo, ni levonorgestrel, miligramu 1.5 kwa jumla. Ikiwa boksi lina vidonge viwili vya 0.75, unaweza kuvimeza vyote kwa pamoja. Inafanya kazi kwa kuchelewesha yai kutoka, ndiyo maana haraka ni muhimu: ndani ya saa 72, na saa ya 5 ni bora kuliko ya 70. Ukitapika ndani ya saa 2, rudia. Haitoi mimba iliyokwisha kutunga na haiharibu kizazi. Hayo ni maneno ya vibarazani.

Mara tatu kwa mwezi haitakuua, ila itavuruga hedhi yako, na kama kinga ya kutegemea ni dhaifu kuliko vidonge vya kila siku, sindano au kijiti, ambavyo vituo vya serikali hutoa bila malipo. Rifampicin (ya kifua kikuu) na baadhi ya dawa za kifafa hupunguza nguvu yake, basi mwambie mfamasia kama unazitumia. Amoxicillin haina shida hiyo.

Jambo moja usilisahau katika haraka hiyo: P2 haizuii VVU. Kama kuna wasiwasi wa maambukizi, dawa za kinga baada ya tukio, PEP, nazo zina saa 72, na hizo hazinunuliwi kwa kubahatisha. Zinatolewa kituoni baada ya kupimwa.

Nimeuziwa vidonge vya kunenepa na kujaza mwili. Ni salama?

Mara nyingi huwa ni dexamethasone au prednisolone, ambazo ni steroidi, pamoja na cyproheptadine ya kuongeza hamu ya kula. Uso unajaa, mashavu yanang'aa, watu wanakusifia. Ni maji na mafuta vimehamia usoni na tumboni. Ndani, sukari na presha vinaweza kupanda, kinga inashuka, na tezi zako zinaacha kutengeneza homoni zake. Ukiwa umetumia kwa wiki kadhaa usiache ghafla. Mwone daktari akupunguzie taratibu.

Dawa ya kukesha? Ya kulala?

Ya kukesha sina, na ukimpata aliye nayo muulize ina nini ndani. Piriton kwa ajili ya usingizi itakuamsha ukiwa mzito chumba cha mtihani. Tramadol ni ya maumivu makali kwa cheti. Inazoeleka, na ikizidi inaweza kuleta degedege.

Flagyl na bia?

Karatasi ya maelekezo inakataza, wakati wa dozi na siku mbili baadaye. Harusi ya rafiki ikiwa Jumamosi, kunywa soda.

Nina bima, lakini foleni ya kituo cha afya cha chuo inakula kipindi kizima.

Malalamiko yako yana haki, na wanaowakemea wanafunzi kwa kujinunulia dawa wangeanza kwa kukaa kwenye benchi hilo. Hadi foleni ifupishwe, nenda asubuhi mapema siku isiyo Jumatatu. Ikishindikana, mtumie mfamasia kama mtaalamu, si kama muuzaji. Usiseme "naomba Azithromycin". Sema unaumwa nini, tangu lini, umeshatumia nini wiki hii, na kama una mzio, ujauzito, pumu au dawa za kudumu. Ushauri huo haulipiwi, na mara nyingi utaondoka na dawa ya bei ndogo kuliko uliyoijia.

Nimemeza dawa nimetoka vipele. Niendelee kumalizia dozi?

Acha, na uende kituoni na karatasi ya dawa au ile picha kwenye simu. Vipele vichache vya kuwasha vinaweza kuwa mzio mdogo. Uso kuvimba, kifua kubana, ngozi kutoka malengelenge au vidonda kutokea mdomoni na machoni ni dharura, usiku au mchana. Penisilini na dawa zenye salfa, kama Septrin na SP, ndizo za kuangalia sana. Mwambie mhudumu akuandikie jina la dawa iliyokudhuru kwenye kadi yako ya kliniki, na amweleze mamlaka: kuna fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa inayokwenda TMDA, na mgonjwa ana haki ya kuomba ijazwe.